Mikono Ambayo Nzioka Hakuihesabu

Kanyangi, Kitui
12 Agosti 2024

Mpendwa Mama Kanyi,

Habari za Kibwezi na joto lenu? Huku sisi ni wazima, na mimi ni mzima kuliko wote, kwa maana tangu Jumatano anayekuandikia si Kalunde yule wa kawaida. Ni Mwenyekiti wa Kikundi cha Maji cha Kithangathi. Kaa chini kwanza, kisha endelea kusoma.

Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Kwenye simu tunakatizana, wewe unacheka kabla sijamaliza, na habari ya namna hii inataka kusomwa mara mbili. Inakuja pamoja na gunia la ndengu, kwa dereva yuleyule wa lori.

Tulipiga kura kwa kupanga foleni, kila mtu nyuma ya anayemtaka. Foleni yangu ilianzia kwenye pampu ikapinda hadi kwa wauza mbuzi. Kitonga alikuwa na watu tisa, na mmoja wao, naapa, alisimama pale kwa sababu ya kivuli. Nilimpa Kitonga mkono mbele ya watu. Alinipa wake kama mtu anayetoa jino.

Kazi nilianza hapohapo. Ulipohama bwawa lilikuwa bado changa. Siku hizi limejaa mchanga mzuri, na maji yanakaa ndani ya huo mchanga hata mwezi huu ambao mito mingine ni vumbi tupu. Tatizo ni matuta ya kule juu mlimani. Yamebomoka. Tusipoyachimba upya kabla ya mvua ya Novemba, udongo utashuka wote bwawani uzibe mchanga, na bwawa tutakuwa tumelizika kwa mikono yetu. Watu walikuwa wakikosa mwethya, kazi yetu ya pamoja, kila Jumatano kwa kisingizio cha soko. Nikauliza mkutano: tuhamie Jumamosi? Mikono ikajaa hewani. Nikauliza tena: atakayekosa kazi mara tatu, zamu yake ya maji ipewe wengine? Mikono ikajaa tena.

Ambazo hazikuinua mkono ni zile nyumba saba za kilimani tu, za akina Mzee Ndululu. Hao ni wa Sabato, Jumamosi hawashiki jembe. Lakini saba ni saba, na sisi ni zaidi ya sitini. Watu wakisema wamesema. Hiyo ndiyo demokrasia, na mimi ndiye mtoto wake.

Mwaitu Syokau, mama wa nyumba yetu, anakusalimu. Amekataa kuniita Mwenyekiti, anasema mkaza mwana haitwi kwa cheo.

Wako,
Kalunde, Mwenyekiti


Kibwezi, Makueni
20 Agosti 2024

Mheshimiwa Mwenyekiti Mama Mutie,

Nimesoma nikiwa nimekaa chini kama ulivyoagiza, juu ya gunia lako la ndengu, na wateja wamesubiri. Hongera sana. Nimemwambia kila aliyekuja dukani kununua mbegu kwamba rafiki yangu anatawala mto, na mmoja ameniuliza kama unaweza kutusaidia na wa kwetu.

Sasa acha nikuulize kama katibu wako wa zamani. Ndululu akikosa Jumamosi tatu, kweli mtamnyima maji? Mtu ambaye ulijua tangu mwanzo hawezi kuja siku hiyo?

Unakumbuka katiba ya kikundi niliiandika mimi, mgeni asiye Mkamba, kwa sababu tu mwandiko wangu ulisomeka. Kifungu cha nne nilikiandika nikaharibu karatasi mara tatu: Hakuna nyumba ya kikundi hiki itakayonyimwa maji kwa wingi wa kura. Siku ya kazi ni yenu kuchagua, hata mkichagua ya ajabu. Lakini maji, Mama Mutie, hapana.

Usinione nimekuja na mdomo mrefu. Hapa Kibwezi tunagawana mfereji mmoja, na walio juu ya mfereji ni wengi kuliko sisi wa chini. Nusu yetu sisi wa chini ni watu wa kuja, akina Ng'ang'a na akina Wariara, ambao ninyi Wakamba mnatutania kila siku kwa Kikamba chetu kibovu. Kama kila wiki wangeulizana nani apate maji, nyanya zangu zingekuwa kuni. Tunapata kwa sababu mlango wa mfereji una saa zake, na saa hizo hazipigiwi kura.

Kuuliza watu wengi wanataka nini, hiyo ni demokrasia, na mimi naipenda kama wewe. Lakini kila Disemba hatuimbi siku ya demokrasia. Tunaimba Jamhuri. Na jamhuri, kwa akili yangu ya dukani, ni kukubaliana mapema kwamba yapo maswali ambayo hata tukiwa wengi hatutaulizana.

Nijibu. Na mwambie Syokau kwamba mkaza mwana huyu hata mimi nisingemwita kwa cheo.

Rafiki yako,
Wamaitha


Kilimani, Kanyangi
9 Septemba 2024

Kwa Mwenyekiti,
Kikundi cha Maji cha Kithangathi.

KUH: ZAMU YA MAJI YA NYUMBA SABA

Bi Mwenyekiti,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Tangu Jumanne iliyopita vijana wako wanaturudisha kutoka kwenye pampu. Wanasema tumekosa Jumamosi tatu. Ni kweli tumezikosa, na hatukuficha kwamba tungezikosa. Tuliwaambia siku ile ile.

Hatukatai jembe. Mimi ni miongoni mwa waliobeba mawe ya bwawa hili kabla wewe hujajua litakuwa bwawa. Tupeni Ijumaa, tupeni Jumapili mkiwa kanisani kwenu, tutachimba sehemu yetu na mtakuja kuipima kwa kamba.

Mke wangu, ambaye mgongo wake unaujua, anaongoza punda hadi mto Athi na kurudi jioni. Maji yenyewe ni ya matope. Sikuandikii kukuomba huruma. Nakuandikia kwa sababu katiba inayo kifungu, na wewe ndiye umekabidhiwa katiba hiyo.

Nasubiri jibu lako kwa heshima.

Wako mtiifu,
Ndululu Mulei


Kanyangi
11 Septemba 2024

Mama Kanyi mpendwa,

Samahani kwa kuchelewa. Ukubwa una kelele nyingi.

Huku mambo yanakwenda vizuri kupita nilivyotarajia. Jumamosi mlima unajaa majembe, wanawake wanaimba, matuta yanapanda. Hata waliokuwa wavivu wamepata mikono. Kuhusu wale wa kilimani, hakuna aliyelalamika la kusikika. Wamezoea.

Ila hicho kifungu chako cha nne kimeanza kunisumbua. Kuna watu wanakitaja taja. Nataka jambo liende sawasawa, si kwa hila. Katiba hiyohiyo inasema thuluthi mbili ya wanachama wanaweza kubadilisha kifungu chochote. Thuluthi mbili ninazo na nyingine za kumwaga. Mkutano ni Jumamosi ya tarehe 28, baada ya kazi. Ninachokuomba ni kitu kidogo: wewe uliyekiandika, niandikie maneno ya kukifuta. Maneno safi, ya kikatiba, yasiyomtukana mtu. Yakitoka kwako hakuna atakayesema Kalunde ameyatunga.

Usianze kunisomea siasa. Wewe unaogopa watu wengi kwa sababu huko Kibwezi ninyi ni wachache, na sikulaumu. Mimi nawajua watu wangu. Unakumbuka mimi nilikuwa nani? Iweto. Msichana aliyeolewa na mwanamke, kwa mbuzi na kwa desturi zote za Kikamba, ili Syokau asiye na mtoto apate watoto wa kumzika. Kanisa lilitukunjia uso. Sokoni walitununia. Lakini kikundi kilipoanza, watu haohao waliinua mikono wakaiingiza nyumba yetu, nyumba isiyo na mwanamume. Mimi nilikuwa nyumbani namnyonyesha Mutie, Syokau akaja akaniambia: tumeingia. Nililia siku hiyo. Tangu hapo hakuna atakayeniambia kwamba watu wengi wakiinua mikono wanakosea.

Niletee hayo maneno kabla ya tarehe 28.

Wako,
Kalunde


Kibwezi
17 Septemba 2024

Mama Mutie,

Maneno uliyoniomba sitayaandika. Nitakuandikia mengine, na nakuomba uyasome ukiwa peke yako.

Dereva wa lori ameniambia alimpita mke wa Ndululu kwenye njia ya Athi, amekaa kando ya barabara na punda wawili, ameshika mgongo. Wewe umeniandikia wamezoea. Tumefahamiana miaka mingi, Kalunde. Nimeumia kusoma neno hilo kwa mwandiko wako.

Sasa kuhusu siku ile mlipoingia. Wewe hukuwepo. Mimi nilikuwepo, nimekaa kwenye kigoda na kalamu, kwa hiyo naijua.

Hawakuinua mikono kuwaingiza. Waliinua mikono kuwatoa. Mtu alisimama akasema nyumba isiyo na mwanamume si nyumba, na kwamba tukimpa maji Syokau na msichana wake tunabariki jambo ambalo pasta amelikataza. Wakapiga makofi. Wakaanza kuinua mikono kabla hata hawajaulizwa. Nilitazama nikaona mikono karibu yote, hata ya wanawake unaosali nao leo, hata ya jirani yako wa upande wa kisima. Simtaji.

Mwenyekiti wakati huo alikuwa marehemu Nzioka, yule fundi wa mawe, mtu asiyejua kusema maneno mawili bila kukohoa. Alikataa kuhesabu. Alisema, "Hilo siwaulizi." Wakamwambia sisi ndio wengi. Akasema, "Naona. Lakini hilo siwaulizi. Leo mkimtoa Syokau kwa mikono, kesho mtamtoa nani?" Halafu akanigeukia mimi, akaniambia niandike. Kifungu cha nne hakikutoka kichwani mwangu. Nilichofanya ni kukinyoosha Kiswahili chake tu. Alisimama pale mpaka wakachoka kupiga kelele, na jua lilipowapiga sana wakakipitisha kwa kunung'unika ili waende nyumbani.

Mwaka uliofuata walimtoa uenyekiti. Walipanga foleni wakamtoa, na alikubali, kwa sababu hilo lilikuwa lao kuamua.

Aliniomba nisikuambie. Alisema huyo msichana atakuja kwenye pampu kila siku na watu haohao, afadhali asijue. Nimekaa kimya mpaka leo. Nimekivunja kimya kwa sababu umeniomba mimi, kwa mkono wangu, nifute kitu ambacho kwacho watoto wako, Mutie na Yvonne, wamekua wakinywa maji.

Sikudharau. Wewe ni mtu hodari kuliko Nzioka, una mdomo ambao yeye hakuwa nao. Ndiyo maana naandika bila kukuzungusha.

Rafiki yako, hata ukinikasirikia,
Wamaitha


Kanyangi
25 Septemba 2024

Kwa Mzee Ndululu Mulei,

Mzee wangu, nakusalimu kwa heshima. Barua yako niliipokea siku ileile uliyoiandika na nikainyamazia. Haikuwa heshima na naomba radhi.

Kuanzia kesho asubuhi nyumba saba zitachota maji kwa zamu zao za zamani. Vijana wa pampu nimewaambia mwenyewe. Kama kuna atakayewarudisha, mwambieni aje kwangu nyumbani, nitakuwa mlangoni.

Kuhusu siku ya kazi, Ijumaa inatosha. Mtapewa matuta ya upande wa mashariki, na kamba ya kupimia tutakuja nayo kweli.

Mkutano wa Jumamosi tarehe 28 utakuwepo kama ulivyotangazwa. Kuna watu wamenishauri niuhamishie Jumapili ili nanyi mje, kwa sababu nitawahitaji. Nimekataa. Tangazo limeshatoka, na mwenyekiti akianza kuhamisha siku ili apate watu wake, basi huo utakuwa mto wake. Nendeni mkasali. Kuhusu maji yenu hakuna kitakachoulizwa siku hiyo.

Msalimie mama, na pole kwa mgongo.

Wako,
Kalunde


Kibwezi
2 Oktoba 2024

Mama Mutie,

Umenyamaza na simu yako imezimwa. Kama umenikasirikia, nikasirikie kwa maandishi nijue. Tarehe 28 imepita na mimi nimekaa hapa nauza mbegu za nyanya huku nikimpa kila mtu chenji ya mwenzake.

Nakutumia vitunguu. Ukivila nitajua hatujakosana.

Wamaitha


Kanyangi
7 Oktoba 2024

Mama Kanyi mpendwa,

Vitunguu tumevila vyote. Simu ilianguka kwenye ndoo, haina siasa yoyote.

Nilikukasirikia siku mbili. Nilisema huyu mwanamke anataka kuniharibia watu wangu. Halafu niliingia jikoni nikamuuliza Syokau, mwaitu, ni kweli? Alikuwa anapeta ndengu, wala hakuacha. Akasema alikuwa amesimama nje ya mkutano siku ile, nyuma ya mti wa mwarobaini, na aliona kila mkono. Nikamuuliza kwa nini uliniambia tumeingia, ukanyamaza mengine. Akasema, "Tuliingia. Nilitaka ufike kwenye pampu ukiwa umenyoosha shingo."

Nililia, nakuambia wazi. Nililia kwa ajili ya Nzioka ambaye nilizoea kumcheka kikohozi. Kisha nikamwandikia Ndululu.

Sasa mkutano. Walikuja wengi kuliko siku niliyochaguliwa. Nilisimama nikawasomea kifungu cha nne, nikasema kwamba zile nyumba saba zinachota maji tangu Alhamisi, zitachimba Ijumaa, na kwamba kifungu hiki hakitaulizwa leo wala siku yoyote nikiwa mwenyekiti. Kelele zilizotoka hapo sijawahi kuzisikia. Mtu akasema nimekuwa dikteta. Mwingine akasema nimehongwa na wa Sabato. Yule jirani yangu wa upande wa kisima, nadhani sasa namjua, akasema, "Sisi ndio wengi, ama huoni?"

Nikamjibu, "Naona. Mimi mnaweza kunitoa sasa hivi, foleni mnajua kuipanga. Maji ya Ndululu hamwezi."

Usifikiri niliogopa. Nilisema nimenyoosha shingo. Sijui kama walijua kwa nini nilikuwa nawatazama mmoja mmoja usoni.

Basi wakapanga foleni. Kitonga upande mmoja, mimi upande wa pili. Nilihesabiwa mbele ya macho yangu na nikashindwa, kwa kidogo sana. Wale wa kilimani wangekuwepo ningeshinda, lakini walikuwa kanisani, wanaimba, na upepo ulikuwa ukituletea nyimbo zao kabisa. Nilicheka peke yangu. Nilimpa Kitonga mkono, safari hii yeye ndiye aliyenishika kwa nguvu.

Wakamwambia Kitonga, haya, sasa uliza habari ya maji. Uenyekiti ulikuwa umeshaniuma kiasi chake, lakini akilini nilimwona mke wa Ndululu kwenye ile barabara ya Athi. Nikajua kwamba Kitonga akifungua mdomo tu, mikono itaruka.

Kitonga alikuna kichwa. Halafu akasema, "Siulizi. Nusu ya hii foleni yangu imekuja kwa sababu imemkasirikia Kalunde. Hasira ikiisha nitabaki na watu wangu tisa. Watu tisa wanahitaji hicho kifungu kuliko wote hapa." Watu wakacheka, wakaguna, mmoja akaenda zake, na jua lilikuwa kali. Hapakuwa na kura.

Kwa hiyo andika kwenye kumbukumbu zako za katibu: watu walinitoa na walikuwa na haki. Bado naipenda foleni, hata hiyo iliyonitoa, na mwakani nitagombea tena, hilo usilitilie shaka. Lakini kuna jambo moja nimelielewa vizuri, na nitalisema popote. Mimi nilidhani nakunywa maji haya kwa kupendwa. Kumbe nakunywa kwa sababu yupo mtu aliyekataa kuwauliza walionichukia. Afadhali hivyo. Kupendwa kunabadilika kila msimu, na watoto wanataka maji kila siku.

Jumamosi nilikwenda mwethya kama wengine. Kitonga alipita na kamba yake, akapima tuta langu, akasema halijafika kina. Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia. Nikachimba.

Na leo ilikuwa zamu ya Ndululu, na yangu ndiyo inayofuata. Alikuja na mkewe na mitungi yote ya nyumba. Alinisalimu, hakunishukuru, na mimi sikutaka anishukuru. Anapampu taratibu, mikono yake ni ya mzee, na anapumzika kila mtungi ukijaa. Punda wangu walianza kurusha miguu. Nikawashika, nikasimama kwenye jua, nikasubiri amalize.

Wako,
Kalunde